Tutaongea Safarini

Wazee waliposema samaki mkunje angali mbichi, wengi wetu tulisikia mlio wa fimbo. Methali hiyo hutajwa shuleni na kanisani mtu anapotaka kusema kwamba mtoto arudiwe mapema, kabla hajaota pembe. Maana hiyo ni sahihi, ila si yote. Kukunja si kuchapa. Anayemkunja samaki humshika kwa mikono miwili, taratibu, na wakati wa kufanya hivyo ni mfupi. Ukishapita, hata mikono iwe na mapenzi kiasi gani, haitafaa kitu. Dorca aliijua methali hii kwa viganja vyake muda mrefu kabla ya kuijua kwa moyo wake, na kuijua huko kulimgharimu.

Dorca alikuwa mkaushaji wa samaki nyuma ya soko la Kondele, mjini Kisumu. Kila asubuhi alipokea kambare, wale ambao watu wa ziwani huwaita mumi, akawaosha na kuwatia chumvi, kisha akamkunja kila mmoja mpaka mkia ukagusa mdomo, akachomeka kijiti cha kuushikilia. Kambare aliyekunjwa hivyo hukaa vizuri juu ya wavu wa tanuri, moshi ukampata kila upande, na mnunuzi humbeba hadi mbali bila kumvunja. Kazi hiyo ilimpa riziki na ikampa harufu ya moshi isiyomtoka hata Jumapili kanisani. Mumewe, Oketch, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Mamboleo, mwanamume mpole ambaye maneno yake yalikuwa haba kama sarafu mfukoni mwa maskini. Mungu aliwajalia watoto watatu: Bridget, kifungua mimba, kisha Okinyi, kisha Debra, kitinda mimba.

Wazo la safari lilikuwa la Bridget. Alikuwa na miaka kumi wakati huo, na mwalimu alikuwa amewafundisha habari za ziwa. Alirudi nyumbani akichemka kama chungu. Alichukua kifuniko cha katoni na kipande cha mkaa kutoka tanurini kwa mama yake, akalala kifudifudi sakafuni na kuchora mwambao wote wa kusini: Kisumu, Ahero, Katito ambapo barabara inachepuka, Kendu Bay, Ziwa Simbi lenye ndege wekundu waitwao heroe, Homa Bay, hadi Mbita.

"Mama, sisi tunakaa kando ya ziwa lakini hatujawahi kuliona," alisema.

"Yawa! Na hili tunalonusa kila siku ni nini?"

"Hii ni pembe yake tu. Mimi nataka tulifuate kando kando, kwa gari, sisi sote. Tukifika Mbita nitaosha miguu, halafu nikuonyeshe kwa kidole Kisumu iko wapi."

Dorca alicheka hadi machozi yakamlengalenga. Akaipigilia ile katoni ukutani, juu ya meza ya kulia. "Tutaenda," alisema, huku Debra akiwa kifuani pake. "Huyu akiacha kunyonya tu, tunaenda."

Debra aliacha kunyonya. Lakini gari kuukuu ambalo Oketch alikuwa amejipatia halikuwa na viti vya nyuma, basi ikasemwa kwamba wataenda viti vikiwekwa. Oketch akavichomelea viti mwenyewe. Viti vilipokamilika, mvua ya masika ikaja na mto Nyando ukavunja kingo, barabara ya Ahero ikageuka bwawa. Mvua ilipokatika, Dorca alikuwa amejiandikisha katika masomo ya jioni, ili amalize elimu aliyoiacha njiani alipokuwa na mimba ya Bridget. Wataenda akishafanya mtihani. Sababu zote hizo zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa mbaya. Ndiyo maana hakuna aliyeziogopa.

Mwisho, kupanga kukawa kutamu kuliko kwenda. Kila likizo walikusanyika mezani chini ya ile katoni, taa ikiwaka, chai ikifuka mvuke.

"Mimi nakaa dirishani kwenda na kurudi," Okinyi alitangaza mara moja.

"Dirisha ni la mkubwa," Bridget alimjibu. "Wewe utakaa katikati, ushike sufuria ya mchele."

"Mimi nitakuja na kuku wangu," akasema Debra. "Naye hajaona Homa Bay."

Oketch alitikisa kichwa kwa uzito kama hakimu. "Kuku aliyefika Homa Bay akiwa ndani ya gari hurudi akiwa ndani ya matumbo. Fikiria tena, mama."

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Dorca aliwatazama nyuso zao na kuona kwamba safari hiyo tayari ilikuwa imewapa furaha. Hakutambua kwamba furaha ya kupanga ni kama harufu ya nyama ya jirani: humtia mtu mate, haimshibishi.

Watoto wengine wakishaenda kulala, Bridget alikuwa akibaki mezani kumsaidia mama yake hesabu za masomo ya jioni. Alikuwa mwalimu mkali. "Mama, hiyo x umeitupa wapi? Irudishe!" Jioni moja, katika likizo yake ya kwanza tangu aanze shule ya bweni, aliweka kalamu chini.

"Mama, kuna kitu nataka kukuambia. Cha shule."

Dorca alikuwa na karatasi nne mbele yake na mtihani wiki iliyofuata. Aliinua mkono wenye harufu ya moshi, akalipapasa shavu la bintiye kwa upendo wa kweli. "Nyathina, mwanangu, unaona nilivyozama hapa? Tutaongea safarini. Ndani ya gari tutakuwa na siku nzima, mimi na wewe. Utasema mpaka uchoke."

Bridget aliitikia kwa kichwa. Hata alitabasamu, kwa kuwa neno lake lilikuwa zito, na ndani ya gari watu huweza kuzungumza bila kutazamana usoni. Alingoja.

Tangu siku hiyo, "tutaongea safarini" likawa jibu la nyumba nzima. Anayetaka kujua kwa nini babu na baba hawasemezani, atajibiwa safarini. Anayetaka kueleza ndoto yake, safarini. Katoni ile ukutani ikabebeshwa maneno yote ambayo hayakupata nafasi mezani.

Mwishoni mwa likizo iliyofuata, siku ilipangwa kwelikweli. Maandazi yalikaangwa, gari likaoshwa. Asubuhi ya safari Bridget alikuwa wa kwanza kuamka. Alivaa viatu vyake vya Jumapili, akaketi kizingitini na mkoba magotini. Jua lilipopanda, simu ya Dorca ikalia. Kulikuwa na msiba wa mtu mkubwa, na wafiwa walitaka kambare wa kulisha umati mzima, kesho yake. Mteja wa namna hiyo ukimkataa leo, hakurudii tena.

"Wiki ijayo," Dorca aliwaambia watoto, tayari akifunga leso kiunoni. "Nawaapia, wiki ijayo."

"Wiki ijayo mimi niko shule," Bridget alisema.

"Basi likizo ijayo, mama yangu. Ziwa halihami."

Okinyi alilia, Debra akabingirika chini, nao wakanyamazishwa kwa maandazi. Bridget hakulia. Alikaa kizingitini mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia. Kisha akavua viatu, akavipangusa vumbi ambalo havikuwa nalo, akavirudisha chini ya kitanda. Kesho yake yeye ndiye aliyepanga samaki kwenye makarai. Dorca alimsifu kwa majirani: "Huyu wangu amekua. Anaelewa."

Kumbe alichokidhania uelewa kilikuwa ukavu. Bridget alianza kurudi nyumbani kama mgeni. Alisalimia, akala, akaosha sahani yake, akaziba masikio kwa vile visikizi vidogo vya simu. Ukimwuliza habari za shule alisema, "Sawa." Ukimwuliza kwa nini amekonda alisema, "Sawa tu." Familia ilipoketi chini ya katoni kupanga, alikaa pembeni akitazama simu, na pale Okinyi alipopiga kelele kwamba dirisha ni lake, hakuna aliyembishia.

Miaka ikakimbia kama maji ya mtaro. Bridget akamaliza kidato cha nne. Hapo ndipo shangazi yake Adongo, dada ya Oketch aliyekuwa na duka la kushona nguo huko Eldoret, alipopiga simu kusema yuko tayari kumpokea na kumfundisha kazi. Bridget alikubali kabla simu haijakatwa. Angeondoka wiki iliyofuata.

Dorca aliposikia hivyo, moyo wake ulipiga kama wa mtu aliyeshtushwa usingizini. Alitazama ile katoni, iliyokwisha kuwa na rangi ya kahawia kwa moshi wa miaka mingi. Akaona kwamba ikiwa binti huyu ataondoka kabla hawajaongea, hataondoka kwa wiki wala kwa mwezi. Ataondoka kabisa. Usiku uleule akaita kikao.

"Jumamosi tunaenda," alisema. "Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Hakuna simu, hakuna msiba, hakuna mvua."

Okinyi na Debra waliruka kama vyura. Bridget hakuinua macho.

"Mimi siendi, Mama. Nendeni tu salama."

"Huendi vipi? Ramani si yako hii?"

"Ilikuwa ya mtoto fulani. Alihama."

Okinyi alicheka akidhani ni mzaha, kisha akaona uso wa mama yake akakoma. Dorca angeweza kuketi karibu na bintiye, akamwomba radhi, akamwacha aamue. Lakini mwenye hofu huishika fimbo upesi. "Sikiliza, Bridget. Bado unakula ugali wangu, bado unalala chini ya paa langu. Jumamosi utaingia ndani ya hilo gari, upende usipende!"

"Mama Bridget, punguza moto," Oketch alisema polepole.

"Niache! Wewe ndiye umemdekeza kama yai!"

Ijumaa, kwa haraka ya maandalizi, Dorca alifika tanurini jua likiwa limepanda. Karai moja la kambare lilikuwa limesahauliwa juani tangu jana yake, bila kukunjwa. Alimchukua mmoja, akaushika mkia na kuuvuta kuelekea mdomoni. Samaki alikataa. Akavuta kwa nguvu zaidi, taratibu, akimbembeleza kwa vidole gumba kama alivyozoea. Pakasikika mlio mdogo, na samaki akabaki vipande viwili mikononi mwake.

Nanyama, jirani yake wa tanuri la pili, mwanamke asiyeweza kuacha neno lipite bila kulidaka, aliangua kicheko. "Dorca wee! Jana hukuwa na habari naye, leo ndiyo unamkumbatia? Huyo ameshakuwa mzee, hana haja na mapenzi yako!"

Dorca naye alicheka, akavitupia paka vile vipande, akaenda kununua mkate wa safari.

Jumamosi wakaondoka. Anga lilikuwa la kijivu, limeshuka chini kama kifuniko. Oketch alishika usukani, Dorca akakaa kando yake. Nyuma, Okinyi alipata dirisha moja na Bridget akapewa la pili bila kuliomba. Debra alikaa katikati na sufuria ya mchele magotini. Walipita mashamba ya mpunga ya Ahero. Dorca aligeuka mara kwa mara na kusema mambo ya furaha kwa sauti iliyozidi kipimo.

"Bridget, unaona ndege wale? Si ulikuwa unapenda ndege?"

"Naona."

"Basi sasa tuna siku nzima, mama. Sema. Chochote ulichokuwa nacho, sema, mimi nipo."

Bridget alitazama nje. Dorca alingoja, kisha akarudia, kisha akasihi, na kusihi kukageuka kulaumu, na lawama zikawa karipio. Walipofika Katito na Oketch akasimamisha gari ili wanunue ndizi, tayari hewa ndani ilikuwa nzito kuliko moshi wa tanuri. Bridget alifungua mlango, akashuka, akatundika mkoba wake begani.

"Unakwenda wapi?" Dorca alimfuata mbio na kumshika mkono pale penye njia panda, mbele ya wauza ndizi. "Rudi garini! Safari hii ni yako!"

"Mama, niache."

"Nimekufanyia nini mimi? Niambie leo, mbele ya watu hawa!"

Bridget aligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Dorca zaidi. Alikuwa mtulivu kama mtu anayesimulia habari za jirani.

"Kulikuwa na wasichana wakubwa kule bwenini. Walikuwa wananifungia stoo usiku, wananinyang'anya chakula. Nilitaka kukuomba unihamishe shule. Nilikuja kukuambia, ukasema tutaongea safarini. Nikangoja. Siku ile nilikaa pale mlangoni nikiwa nimeyapanga maneno yote, Mama, la kwanza mpaka la mwisho. Likizo zilizofuata nikangoja tena. Halafu nikazoea."

"Bridget... sikujua. Nyathina, mimi sikujua. Tuongee sasa. Tafadhali, tuongee sasa hivi."

"Sasa sina la kuongea. Si kwamba nimekukasirikia. Nimelitafuta lile neno tangu Ahero, silipati. Limekauka." Aliufungua mkono wa mama yake taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, akautoa wake. "Waambie kina Debra nitawapigia."

Alivuka barabara, akasimamisha gari la abiria lililokuwa likitoka Kisii kwenda Kisumu, akapanda. Hakutazama nyuma, au pengine alitazama; vumbi halikumruhusu Dorca kujua.

Dorca alirudi garini. Oketch alikuwa amelaza kichwa juu ya usukani. "Tugeuze?" aliuliza. Ni Debra, na sufuria yake magotini, aliyetangulia kusema. Aliuliza bila ubaya wowote, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua kituo chake:

"Mama, na mimi nikiwa mkubwa nitashukia wapi?"

Dorca alifunika uso kwa leso. Alilia kilio kisicho na sauti, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaketi mahali pa Bridget, na kiti kilikuwa bado na joto. "Twende," alimwambia mumewe. "Hawa bado wapo."

Walifika Kendu Bay ziwa likiwa limekunja uso. Hawakwenda kuwaona heroe wa Simbi; hakuna aliyewakumbuka ndege hao. Dorca aliwavua watoto viatu, akawaosha miguu kwenye maji ya ukingoni, mmoja baada ya mwingine. Okinyi alimwacha afanye hivyo ingawa alikuwa ameanza kujiona mkubwa. Debra akamwegemea sikioni.

"Mama, nataka kukuambia kitu. Mimi naogopa kulala kile chumba kama Bridget hayupo."

Neno lilimjia Dorca mdomoni lenyewe, kwa mazoea, likiwa limevaa nguo zake zote: tutaongea. Alilimeza, nalo likapita kooni kama mwiba wa samaki.

"Niambie sasa," alisema, akaketi juu ya mawe yenye unyevu. "Unaogopa nini? Anza mwanzo."

Waliporudi Kondele jioni, kitanda cha Bridget kilikuwa kimetandikwa na sanduku lake halikuwepo. Hakuwa amengoja wiki iliyofuata. Katoni ilikuwa palepale ukutani. Hakuichana wala hakuichukua. Dorca alipiga simu mara nyingi kabla ya kujibiwa.

"Nimefika kwa shangazi, Mama. Msiwe na wasiwasi."

"Bridget, mwanangu, nisamehe. Nitakuja huko Jumatatu. Nitafunga tanuri, nitakuja tukae, mimi na wewe tu, tuongee."

Nyuma ya Bridget cherehani ya shangazi ilikuwa ikinguruma.

"Usijisumbue, Mama. Tutaongea nikija Krismasi." Sauti ilikuwa ya upole, ya adabu, ya mtu aliyefundishwa vyema, naye Dorca alimtambua aliyeifundisha.

Krismasi ilikuja na kupita, na duka la shangazi lilikuwa na kazi nyingi za sikukuu. Siku hizi Dorca akiwa tanurini humkunja kila kambare mara tu anapompokea, na Debra akitoka shule na neno mdomoni, mama yake huacha hata samaki huyo, akafuta mikono na kumsikiliza mpaka mwisho. Nanyama humtania kwamba ataunguza mzigo kwa ajili ya porojo za mtoto. Yeye huinamisha kichwa tu, akaitazama njia inayokwenda Eldoret, kwa kuwa amejionea mwenyewe, na kuchelewa kuona ni uchungu usio na dawa: samaki mkunje angali mbichi.